Picha Arobaini na Tatu za Mzee Kopo

Nyumbani kwetu,
Mtaa wa Machimbo,
S.L.P. 214.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Kabla hujaendelea, tafuta kiti ukae. Kisha nijibu hata kwa moyo tu: u mzima? Bega lako limepoa? Wifi yangu hajambo, na bado anakulazimisha kuvaa sweta mbili? Na wale wanangu wawili wanaoniita shangazi kwenye simu huku wakicheka ninavyotamka majina ya mitaa yenu, hawajambo? Waambie shangazi yao mkono wa kuchapa bado anao, ila haufiki huko.

Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba tunalala na tunaamka. Mama yupo. Macho yamemwondoka karibu yote, lakini masikio yake yamekuwa makali, hata kijiko kikianguka kwa jirani anakwambia ni cha chai au cha wali. Shemeji yako miguu inamsumbua na hospitali hataki. Anadai mguu ukishaijua njia ya hospitali hautaki tena njia nyingine. Wapwa zako kila mmoja yuko kazini kwake, wanapiga simu wakikumbuka.

Mimi, kama nilivyokwambia, nimestaafu. Miaka thelathini na mmoja masijala, nikifungua na kufunga majalada ya watu. Siku ya kuniaga mkuu wa ofisi alisema kwamba katika muda wote huo sikuwahi kupoteza hata karatasi moja, watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani kichwa juu. Nakueleza hili usidhani najisifu. Utaona mwenyewe linaelekea wapi.

Barua yako niliipata. Ulikuwa na swali moja tu, ukalipigia mstari: yule mtaalamu wa makumbusho akishakuja atasemaje, na chumba cha picha za Mzee huko kwao kitafunguliwa kweli mwezi wa saba. Nimeanza kukujibu mara tatu na mara tatu nimechana. Kwenye simu nilikwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika, nilikuwa naukata mimi.

Basi jibu lako ni hili. Chumba hakitafunguliwa, si mwezi wa saba, wala mwakani, wala baadaye. Hakuna cha kuweka ndani yake. Na aliyefanya kisiwepo ni mimi dada yako, Bi Masijala, kwa mikono yangu miwili na akili zangu timamu.

Nilipoandika hapo juu niliinuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Sasa nimerudi, naendelea.

Mzee unamjua, ni baba yako kama alivyo wangu. Lakini uliondoka una miaka kumi na tisa, na kijana wa miaka kumi na tisa hamwulizi baba yake alifikaje alipo. Mimi nilimwuliza, tena mwishoni, alipokuwa hana pa kunikimbilia. Alianza kazi ofisi ya ramani akiwa kijana mbichi, kazi yake kutia rangi kwa brashi, karatasi moja baada ya nyingine: mto bluu, msitu kijani, barabara nyekundu. Ilipokuja mashine ya kuchapa ramani zikiwa na rangi zake tayari, wenzake walihamishiwa meza nyingine. Yeye aliachiwa meza isiyo na kazi, pamoja na sanduku la rangi za maji ambalo hakuna aliyelitaka. Alikaa mezani pale miezi miwili akitazama dirishani. Mwezi wa tatu akaanza kuchora alichokuwa anakitazama, na dirishani kulikuwa na kilima.

Kumbe hapo ndipo alipoanza, na hakuacha tena. Asubuhi kabla ya kazi, na baadaye siku nzima alipostaafu, stuli begani, ubao kwapani, kopo la maji mkononi. Mtu mzima anaelekea vichakani alfajiri na kopo la maji, unadhani watu walifikiri nini? Walikuwa wakimkuta njiani wanageuza uso kwa adabu, wengine wanaharakisha wampishe asije akachelewa. Jina la Mzee Kopo lilianzia hapo, na yeye hakulikataa. Alisema ni bora kuitwa kwa chombo chako cha kazi kuliko kwa deni lako.

Kilima kilekile, miaka zaidi ya thelathini. Kikiwa na mvua, kikiwa na vumbi, kikiwa na yale mashamba madogo yaliyoning'inia ubavuni. Mama alikuwa akisema yeye ni mke wa kwanza, na mke mwenza ni kilima, tena mke mwenza asiyekuja hata kusaidia kufua. Lakini picha ikiingia nyumbani alikuwa wa kwanza kuishika. Hakuitazama sana, hata zamani macho yakiwa mazuri. Alikuwa akiipapasa.

Mimi kila picha nilikuwa na swali moja: mbona hapa hujamaliza? Maana kulikuwa na sehemu tupu. Hujasahau kwamba Mzee hakuwa na rangi nyeupe hata tone. Mng'ao juu ya mto, moshi wa asubuhi, bati linalopigwa na jua, vyote hivyo vilikuwa karatasi yenyewe, aliyoizunguka kwa brashi bila kuigusa. "Hapo ndipo nilipoanzia," alikuwa akinijibu. Wewe ulimwelewa tangu mdogo. Mlikuwa mnaweza kukaa saa nzima mmenyamaza, mnangoja rangi ikauke, na mimi natumwa kuongeza maji kwenye kopo. Nilikuonea wivu, mdogo wangu. Sijawahi kukwambia, nakwambia leo.

Kilima chenyewe hakipo tena, hilo nalo huenda hulijui sawasawa, maana kwenye simu tunasema "wamechimba kidogo". Hawakuchimba kidogo. Kampuni ya kokoto ilianza upande wa nyuma mwaka wa tano baada ya wewe kuondoka, ikaja mbele, ikashuka chini. Leo ni shimo, na chini yake bwawa la maji ya kijani yasiyonyweka hata na mbuzi. Mzee aliendelea kwenda na stuli yake, akachora kilichobaki, kila mwaka kikipungua. Mwaka wake wa mwisho alichora mbingu tu, na mstari wa vumbi chini. Kwa hiyo aliyetaka kukiona kilima chetu ilibidi afungue droo za Mzee. Ndiyo maana makumbusho walizitaka, barua yao kwangu ilisema hivyo: si uzuri wake tu, ni kwamba hakuna mahali pengine kilima kile kilipo.

Alipokuwa kitandani alinipa mimi ufunguo wa droo. Alisema, "Wewe una mkono wa kutunza." Mpaka leo sijui nicheke au nilie.

Msimu wa pili wa mvua tangu tumzike, bati la chumba chake lilitoboka penye msumari. Maji yaliingia kimyakimya, yakafuata ukuta, yakaingia droo ya chini. Nilipofungua nilikuta picha nne zimelowa chepechepe. Rangi ya maji ikipata maji inarudi ilikotoka. Kilima kilikuwa kimeshuka kikaingia mtoni, mto umekwenda mbinguni, kila kitu rangi ya maji ya kufulia. Nne zilikufa siku ile mikononi mwangu. Nilipiga magoti sakafuni nikalia kama niliyefiwa upya. Kisha nikajifuta machozi na kufanya kile ambacho mtu wa masijala hufanya.

Nikuulize wewe: nyumbani kwetu kitu cha thamani tunakiwekaje? Cheti chako cha shule, changu cha ndoa, kadi ya kliniki ya Mama, cheti cha kifo cha Mzee mwenyewe, vyote viko wapi? Viko ndani ya plastiki. Kila mtu anafanya hivyo. Karatasi ikitiwa laminesheni haichaniki, haichafuki, hailowi, mende haili. Vyeti vyangu vingine vina miaka thelathini na vinang'aa. Niliona haya kwamba vyeti vya watu nimevivalisha, na picha za baba yangu nimeziacha uchi.

Nilizipanga kwenye beseni kubwa la kufulia, nikazifunika shuka, nikazipeleka kwa Baba Mapacha, yule kipara mwenye duka la steshenari mkabala na kituo cha basi. Arobaini na tatu. Mashine yake ilikuwa ya moto kiasi kwamba hushiki pembeni. Picha ya kwanza ilipotoka upande wa pili, mdogo wangu, ilikuwa inang'aa, rangi zimekolea kana kwamba Mzee ameinua brashi dakika ileile. Nilishindwa kujizuia, nikalia mbele ya wateja. Baba Mapacha akasema, "Dada, hizi sasa hata mafuriko yaje." Tulizimaliza siku mbili. Chache zilikuwa pana kuliko mdomo wa mashine, na nyingine nyingi zilikuwa na kingo zilizopinda, kwa hiyo alizipunguza zote kwa wembe ili zikae sawa. Kidole kimoja tu kila upande. Nikaona kazi safi. Nilimsaidia hata kufagia vipande.

Siku ile ile nilikuandikia: nimezitunza, hata maji hayazigusi tena. Nawe ukanijibu kwamba bila mimi nyumba hii ingekuwa imebomoka. Hukuuliza nimezitunzaje, na kwa nini ungeuliza? Miaka yote umeniamini. Ukawaandikia makumbusho kwamba picha zote ziko salama kwa dada yako.

Aliyeanza kugundua alikuwa Mama. Nilimpa mojawapo aishike, akapitisha vidole, akarudia, akaniuliza, "Hiki ni kitambaa cha meza?" Nikamwambia ni picha ya Mzee. Akasema za Mzee zilikuwa na mikwaruzo yake, akainyoosha kwangu niichukue. Nilidhani ni uzee unaongea. Baadaye nikaona vitone vyeusi kwenye ile ya daraja, nikadhani ni nzi wametua, nikafuta kwa kitambaa. Havikutoka. Vilikuwa ndani. Karatasi zilikuwa bado na unyevu wa ile mvua nilipozifungia, kuvu ikaota humo humo, na mpaka mwezi uliopita ilikuwa imeshaingia picha kumi na moja. Hapo niliogopa, lakini nilijiambia mtaalamu akija atakuwa na dawa yake. Si ndiyo maana ya mtaalamu?

Alikuja Jumanne. Mama mmoja mwembamba, mdogo kwangu kwa miaka ishirini hivi, mpole, na mkoba wenye vifaa kama vya daktari wa meno. Aliomba maji ya kunawa, akanawa mpaka viwiko, akakausha, akavaa glavu nyeupe za pamba. Nilikuwa nimepanga picha zote mezani juu ya shuka jipya, kwa ukubwa, zimelingana pembe kwa pembe. Chai nilikuwa nimeiandaa pembeni. Nilisimama kama mwanafunzi anayesubiri matokeo na anayejua amefaulu.

Alishika ya kwanza, akaiinamisha kwenye mwanga. Akashika ya pili. Alipofika ya tatu aliirudisha mezani, akavua glavu, akazikunja, akazirudisha kwenye mkoba. Daktari akivua glavu mapema namna ile, hata huna haja ya kumwuliza.

"Mama, nani alizitia plastiki?"

"Mimi, mwanangu."

"Zote?"

"Zote."

Alivuta kiti akakaa. Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyefiwa na bado hajui. Ile plastiki ina gundi, moto ukipita gundi inayeyuka inaingia kwenye nyuzi za karatasi, na ikishapoa imekuwa kitu kimoja nayo. Hakuna dawa inayoitoa gundi ikaacha rangi. Ule weupe wa Mzee, karatasi aliyoiacha, umeanza kugeuka manjano na utaendelea. Kuvu itaendelea. Nikamwomba ajaribu moja tu. Alikataa. Nikamshika mkono, nikamwomba tena, sijawahi kumwomba mtu hivyo. Akachukua ile ya daraja iliyooza zaidi, akaingiza kisu chembamba kwenye pembe, akavuta polepole mno. Plastiki ilinyanyuka, na mto ukanyanyuka nao. Karatasi ilibaki na manyoya, kama maziwa yaliyoondolewa utando wa juu. Alisimama.

"Basi, mama," alisema. "Tuziache zilivyo."

Kisha akaniuliza pembe za picha ziko wapi. Sikumwelewa. Akasema wachoraji wa namna ya Mzee huandika pembeni kwa penseli. Ni kweli, aliandika, kila moja: tarehe, saa, na mahali alipoketi. Bila maandishi hayo hakuna anayeweza kujua picha ipi ilitangulia ipi, kilima kilikuwa kizima mwaka gani na kiliondoka vipi. Nikamwambia habari ya kidole kimoja kila upande. Nilipomwambia kwamba nilifagia mwenyewe, alitazama chini.

Nilimkumbusha ile picha kubwa iliyochorwa kwa karatasi ya ofisi, ambayo ofisi ya ramani iliibakiza kama mali yake ikaitundika siku Mzee anastaafu. Alikuwa amepita huko kwanza. Ilitundikwa mbele ya dirisha, jua limeila miaka yote hii, imebaki fremu na karatasi yenye ukingo wa bluu chini. Kabla ya kuondoka alizipiga zetu picha kwa kamera, kwa ajili ya kumbukumbu tu, lakini plastiki inarudisha mwanga. Alijaribu kila upande wa meza. Ukitumiwa siku moja, hicho kivuli chenye kitambaa kichwani katikati ya kilima ni mimi. Nilikuwa nimesimama mbele ya dirisha na sikujua nisimame wapi.

Chumba watakipa vyungu vya zamani. Aliniambia kwa upole sana na mimi nikamwambia asante. Chai hakunywa.

Kesho yake nilikwenda kwa Baba Mapacha nikiwa nimejaa hasira. Akanisikiliza mpaka mwisho, uso umemshuka, kisha akasema, "Lakini dada, vyeti vyako si vizima?" Vyeti vyangu ni vizima. Shemeji yako naye anasema ukizitazama kwa mbali huoni kasoro. Nimemwambia basi akae huko mbali.

Mama nimemwambia. Nilifikiri kumdanganya, nikaona nimechoka. Nilimweleza yote akiwa ameketi kitandani, mikono mapajani. Nilipomaliza akasema, "Basi amekwenda." Ni miaka mitatu tangu tumzike Mzee, na ndiyo mara ya kwanza namsikia Mama akisema hivyo. Tangu Jumatano hajaniuliza tena habari za chumba. Haulizi lolote. Anakula nikimlisha.

Hapo ningefunga barua, na ungenisamehe, kwa sababu najua ungenisamehe. Ungesema dada alipenda kupita kiasi, ungesema hakujua. Lakini liko jingine, na hilo nililijua.

Yule mtaalamu alipokuwa anavaa viatu mlangoni aligeuka. Akaniuliza kama, mbali na ile ya ofisini, hakuna picha hata moja iliyowahi kutoka nje ya nyumba hii. Aliyopewa jirani, rafiki, mtu wa kazini, ikakaa gizani kwenye sanduku ikiwa na pembe zake. "Moja tu iliyo safi, mama. Kwa moja ningewashawishi watupe ukuta." Nikamwambia hakuna. Akashangaa, akasema wachoraji wote aliowahi kuwajua ni watu wa kugawa. Nikamwambia Mzee wetu hakuwa wa kugawa. Akaondoka.

Nilimdanganya. Mzee alikuwa wa kugawa. Mtu wa kwanza aliyetaka kumgawia alikuwa wewe.

Ile picha aliyokupa asubuhi unaondoka, kilima kizima kikionekana kutoka mlango wa jikoni, uliilaza katikati ya mashati yako. Mimi ndiye niliyefunga lile sanduku. Nilipoona mashati yanaikunja pembe, roho ikaniuma, nikaitoa. Nilikusudia kuitia kati ya mbao mbili na kukutumia kwa posta ikiwa imenyooka. Niliiweka kwenye droo ya mashuka yangu. Wiki ya kwanza sikupata mbao, ya pili nikapata kazi nyingi.

Miezi miwili baadaye barua yako ikaja, kurasa nne. Ulisema sanduku lako lilifunguliwa kwenye ukaguzi, vitu vikamwagwa, picha lazima ilidondoka hapo na hukuiona. Ulimwomba Mzee msamaha katika kila ukurasa. Miwani yake ilikuwa imevunjika, kwa hiyo niliyemsomea ni mimi. Aliniambia nirudie pale ulipoeleza ukaguzi. Nikarudia. Kisha akasema, "Mwandikie kwamba karatasi ni karatasi tu." Nikakuandikia hayo, kwa mwandiko huu huu. Droo ya mashuka ilikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa. Nilijiambia nitamwonyesha kesho. Kesho nikaona haya, kesho kutwa haya zikawa kubwa zaidi, na baada ya mwaka ningeanzia wapi?

Tangu siku ile Mzee hakumpa mtu picha tena. Harusi yangu hakunipa. Mkuu wake wa kazi aliomba, jirani wa mbele aliomba mpaka akanuna. Kila mara jibu lilikuwa moja: "Zitapotea huko." Zingekuwa kwenye nyumba ishirini leo, nyingine zimefifia, nyingine zimeliwa na panya, lakini nyingine zingekuwepo. Zilibaki zote ndani ya nyumba moja, chini ya ufunguo mmoja, zikingoja mkono wangu.

Hukuipoteza, mdogo wangu. Umebeba kosa langu miaka ishirini na minne, na Mzee amekufa akiamini ni lako. Hilo siwezi kulirekebisha hata nikipewa makumbusho yote.

Baada ya mazishi niliitoa kwenye mashuka nikaichanganya na nyingine, isijulikane. Ilipita kwenye mashine siku ya pili, kati ya za mwisho. Naitia ndani ya bahasha hii. Imegeuka manjano kidogo juu ya bati la jikoni, na maandishi ya pembeni hayapo. Yalikuwa ya kwako na sikuwahi kuyasoma, kwa hiyo usiniulize yalisema nini.

Mama anakusalimu, ingawa leo hakusema, namsemea. Shemeji yako anakusalimu na anauliza habari za ile dawa ya miguu uliyomwahidi. Shangazi wa ng'ambo ya reli anakusalimu sana, yeye bado hajui, na anawaambia watu wote kwamba mwezi wa saba atavaa viatu vipya kwenda kuona chumba cha kaka yake. Mbusu wifi yangu na watoto. Mungu awalinde mlale salama, na awape watoto wako akili ya kuuliza kabla ya kutenda.

Usinijibu upesi. Na ukiamua kutonijibu, sitamlalamikia mtu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na niliyekunyang'anya,

Bi Masijala.